Nebraska Si ya Kila Mtu

Salha mwanangu,

Bismillahi nimeshaisema, vumbi la marobota nimelinawa mikononi, sasa nakuandikia. Wewe umekwenda chuoni kuaga wenzako, mimi nimebaki dukani hapa Guangzhou, barabara ya Guangyuan Xilu, nimeketi juu ya robota la suruali ambalo mwenyewe hajalifuata. Nusu ya maduka yamefungwa kwa ajili ya mwaka mpya wa Wachina. Wavuta mikokoteni wanapita mbio kama wanafukuzwa, na kila upande nasikia ile kanda ya gundi inavyolia ikivutwa kufungia mizigo. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lako. Kesho usiifungue hapa, wala ndani ya ndege kubwa. Ifungue Chicago, ukiwa umekaa unangoja ile ndege ya pili.

Sitakuandikia habari za kula, kulala wala kuswali. Kama hayo hujayajua mpaka leo, basi mimi na bibi yako tulishindwa zamani, na karatasi hii haitatusaidia. Nataka tuzungumze jambo la juzi.

Juzi pale mtaa wa Dengfeng, tulipokula chakula cha kukuaga, mtani wangu Kibwana alikuuliza unakwenda Marekani ipi. Ukasema polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa, "Nebraska."

"Nebra nini?" akasema. "Hiyo ni Marekani au dawa ya minyoo?"

Meza nzima ikacheka. Naye akiona watu wanacheka ndiyo amepewa mafuta. "Wenzako wanakwenda New York, wanakwenda California. Mnyamwezi wewe, hata ukipewa Marekani nzima uchague, utatafuta pori!"

Nami nikacheka. Kibwana ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, na utani huo wametuachia wazee tangu misafara ya kwenda pwani. Ana haki ya kunivua kilemba msibani na mimi nisinune. Dawa ya utani ni moja tu, kuurudisha. Nikakaa nangoja uurudishe. Wewe ukaweka kijiko chini ukasema, "Usijali mjomba, mimi nashuka Chicago. Huko kwingine siendi."

Watu wakacheka zaidi. Kibwana akakupa mkono, "Huyu ndiye aliyesoma!"

Mimi hapo sikucheka, Salha. Kwenye utani watu huweka ukweli mezani wakaufunika kwa kicheko, kama unavyofunika chakula kwa kawa. Nakujua. Wewe ukitania humtazama mtu machoni. Juzi ulitazama sahani.

Na kabla ya hapo, wiki iliyopita, dada yako Rukia alinipigia kutoka hukohuko Chicago. Maskini, hakujua kuwa sijui. Akaniuliza, "Mama mdogo, Salha anapenda godoro gumu au laini?" Nikamjibu gumu, tukaagana vizuri. Nikakaa na simu mkononi. Mtu anayengoja ndege uwanjani hahitaji godoro.

Basi najua. Sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungenijibu "Hapana mama," na uongo kati yangu na wewe sitaki uanze wiki hii. Rukia simlaumu. Ni mtoto wa dada yangu, yuko peke yake kwenye mji wa watu, anatunza wazee wasio wake, anatamani wa kupika naye ugali. Atakuambia kazi zipo, na kweli zipo. Atakuambia huko Nebraska utakaa na ng'ombe. Lakini viza uliyopewa ni ya chuo, na chuo kiko Lincoln, na walioamua kukulipia masomo ya maji wanakungoja Lincoln. Ukitoka nje ya ule uwanja wa ndege Chicago, kiti chako cha chuo kitakaliwa na mwingine, na wewe utaishi unatazama nyuma kila mtu anapobisha hodi. Hilo unalijua kuliko mimi. Kwa hiyo sidhani unakimbia masomo. Nadhani unakimbia jina. Na kukimbia jina ni ufundi ulioupata kwangu, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilivyokuwa nikijibu tulipokuwa tunaulizwa kwetu wapi? "Dar es Salaam." Hata kwa Watanzania wenzetu, hata kwa Mchina asiyejua Dar wala Tabora, ambaye ningemwambia mwezini angeitikia tu. Nilipoingia Kariakoo nikiwa msichana, wenye maduka walikuwa wakiniita mpagazi. "Mpagazi, lete maji. Mpagazi, shika hili gunia." Nikaona dawa ni kuizika Tabora. Nikajifunza kusema kama watu wa Ilala. Nilipoletewa michembe ya viazi kutoka nyumbani nilikuwa nikiila mlango umefungwa. Na wewe ulipokuja kusoma hapa, siku ya kwanza nilikusikia unawaambia wenzako, "Mimi wa Dar." Bibi yako aliyekulea kule Tabora, akikutwika ndoo ya maji, yuko hai, na wewe Dar hujalala hata mwezi mmoja! Nilijiona mwenyewe nasema kwa kinywa chako.

Sasa nikuambie lililonitoa kwenye hilo. Halikuwa somo wala mawaidha. Lilikuwa zipu.

Unajua nguo za hapa huzaliwa bila jina. Unanunua suruali zako kwa laobani, yaani tajiri mwenye duka, kisha unashuka ghorofa ya chini kwa wauza lebo, unachagua mwenyewe mji ambao nguo yako imetoka. Paris, London, Milano, zimeviringishwa kwenye rola kama utepe wa kufungia keki. Kila mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka Kariakoo alichukua New York. Nami nikachukua New York. Nilijiambia si uongo mkubwa, mbona kila mtu anafanya. Hayo maneno, mwanangu, ukijisikia unayasema, angalia viatu vyako, utaona umeshaanza kuteleza.

Suruali zangu zilikuwa nzuri. Nilikuwa nazivuta mshono mmoja mmoja, na zipu nilichagua zile za chuma. Mwaka ule mwenzetu mmoja akaleta mzigo wa suruali zenye zipu mbovu, zikivutwa mara mbili meno yanabaki mkononi. Nazo lebo yake New York. Nikiwa Kariakoo nimekaa dukani, akaja baba mmoja ameshika suruali, nyuma yake wengine, wamekuja juu.

"Mama, chukua takataka yako!"

"Baba, hii sikuuza mimi."

"Si New York hii? Hii hapa imeandikwa! Na hizo ulizotundika zimeandikwa nini?"

Nikageuka kuzitazama. Zote New York. Sikuwa na la kumwonyesha. Kazi yangu nzuri yote haikuwa na hata uzi mmoja wa kunitetea. Nilikuwa nimejificha ndani ya jina la watu wengi, na siku ya lawama nikakutwa humohumo.

Niliporudi Guangzhou nikaenda kwa yule laobani wangu wa lebo, mama wa Kichina mwenye miwani ya kamba, unamjua. Nikamwandikia kwenye karatasi herufi kubwa: TABORA. Akaisoma, akaniuliza kama iko Meiguo, yaani Marekani.

"Hapana," nikamwambia. "Ni kwetu."

Akatikisa kichwa. Akasema hakuna anayeijua, haitauzika, akanisukumia rola la New York, akaniambia kama rafiki, chukua hili. Nikamwambia andika. Akacheka, akaandika.

Kariakoo ilikuwa sherehe. "Suruali ya Tabora! Mfukoni mna asali?" "Mama, ikichanika wanatoka nyuki?" Kibwana ndiye alikuwa kinara wao, alikuja na wateja wake kuwaonyesha kama watu wanavyopelekwa kuona chui. Mzigo ule ulilala mpaka nikaanza kuuona ndotoni. Sikudanganyi mwanangu, nililia. Nilisujudu nikamwambia Mwenyezi Mungu, kama nimekosea nionyeshe, ila New York sirudi.

Kisha watu wa kwetu wakaanza kuja mmoja mmoja. Kuli wa Nzega. Dereva wa lori wa Urambo. Mwalimu wa Sikonge aliyehamishiwa Mbagala, akanunua yake, akarudi na wenzake. Wakawa wanakunja kiuno cha suruali nje makusudi ili lebo ionekane. Yule dereva siku moja akaniletea yake imefumuka kwenye paja, nikaishona palepale bila kumdai kitu. Akaniambia, "Mama, uzuri wa hii ni kwamba nilijua pa kurudi."

Sikutajirika. Kibwana na New York zake mpaka leo anapeleka mizigo mingi kuliko mimi, na atakuambia hivyo kabla hujamsalimia. Lakini akija mtu amekasirika naweza kusimama nikasema, hii yangu, au hii si yangu. Usingizi wa namna hiyo sikuwahi kuupata zamani.

Basi chuo kilipokujibu, na wewe ukawa unalitaja jimbo lao kwa sauti ya mgonjwa, mimi nikaanza kuichunguza Nebraska kwa simu kama mtu anayechunguza ukoo wa mkwe. Kila dukani kunapopoa nasoma. Palipo na Kiingereza kigumu yule kijana Mkenya wa duka la simu ananifafanulia. Na jana Kibwana alipopita hapa kunichokoza akanikuta niko tayari.

Akasema, "Haya mtani, hiyo Nebraska ina nini? Ina bahari?"

"Haina," nikamwambia. "Na wao hawana kwa kiburi. Ukitoka kwao kwenda baharini, upande wowote, lazima uvuke majimbo mengine yasiyopungua matatu. Marekani nzima hakuna jimbo jingine lililo hivyo."

"Sasa hiyo ni sifa?"

"Nyinyi mna bahari, mmeifanyia nini zaidi ya kukaa kando yake mkisubiri babu zangu wawaletee pembe?"

Akapiga kofi mezani kwa furaha. Ndivyo utani unavyorudishwa, Salha. Nikamwambia avute kiti.

Nikamwambia uwanja wa kupangia mabehewa ya treni ulio mkubwa kuliko wote duniani hauko New York, uko Nebraska, kwenye kamji kanakoitwa North Platte. Huko treni za Marekani zinatenganishwa, hii iende huku, hii iende kule. Nikamwuliza, hilo halikukumbushi stesheni fulani, ambako wa Kigoma na wa Mwanza wanaachana? Watu wa pwani Tabora mnaijua kwa dirisha la treni, mnanunua asali mnaendelea. Na Nebraska vivyo hivyo. Zamani wahamiaji na mikokoteni yao ya ng'ombe walipita humo wakifuata mto kwenda magharibi, wakasema hapa hapana kitu. Lakini kote walikopita walikunywa maji ya hapo pasipo na kitu.

Nikamwambia siku ya kupanda miti ilianzia kwao. Ile ambayo na wewe ulikuwa unarudi kutoka shuleni matope mpaka magotini, wazo hilo lilitoka kwa watu waliokuwa na majani matupu upeo wa macho, wakakataa kukaa juani. Wakapanda hadi msitu mzima kwa mikono. Nikamwambia majimbo mengine yote yana bunge lenye nyumba mbili, wao wakasema nyumba moja inatosha kugombana. Nikamwambia ile juisi ya unga ya pakiti, ya rangi rangi, ilibuniwa kwao.

"Kumbe hao ndio walionimalizia meno!" akasema Kibwana.

Nikamwonyesha picha ya magari makuukuu waliyoyasimamisha wima kwa duara shambani, wakayapaka rangi ya jiwe, yafanane na yale mawe ya kale ya Uingereza. "Hawa ni Wanyamwezi," akasema. "Hakuna ubishi."

Na ng'ombe wao ni wengi kuliko watu. Hilo alidhani atanishika nalo. Nikamwambia, kwetu nyumba yenye ng'ombe wengi kuliko watu hatuicheki, tunakwenda kuposa humo.

Lililonimaliza nguvu kwa kucheka nimekuachia wewe la mwisho. Wenyewe waliwahi kutoa tangazo la kuita watalii. Kila mahali duniani tangazo linasema njooni, kwetu peponi. Wao wakaandika kwamba kusema kweli, kwao si kwa kila mtu. Nilikuwa peke yangu dukani, nikacheka mpaka jirani akachungulia. Nikasema, hawa ni watu wangu. Tabora pia si ya kila mtu. Anayeitaka ashuke kwenye treni.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna baridi hujawahi kuiona, na upepo usio na mti wa kuuzuia. Utakuwa mpweke. Kuna siku utatazama hilo tambarare utasema mama alinitupa. Sema, halafu nipigie. Lakini mwezi wa tatu nenda mtoni. Wanasema korongo hushuka pale makundi kwa makundi, mbingu inakuwa nyeusi, kelele zao zinasikika mbali. Wanatoka kusini wanakwenda kaskazini, na katika bara lote lile wamechagua kupumzika hapo katikati, wale mabaki ya mahindi, walale kwenye maji ya kina kifupi, wapate nguvu ya kuendelea. Ndege haangalii lebo. Anajua penye maji.

Na wewe umekwenda kutafuta nini kama si maji? Yale mabomba marefu yenye magurudumu, yanayozunguka shambani yakimwaga mvua, uliyonionyesha kwenye kompyuta macho yakiwaka, si ulisema wanaoyatengeneza wako hukohuko, na chini ya ardhi yao kuna hazina ya maji wanayojifunza kuitunza? Bibi yako bado anaamka alfajiri kungoja zamu yake bombani. Chicago wana ziwa kubwa, nimeliona kwenye picha. Lakini huko hukuitwa.

Sasa koti. Ulipolijaribu ulilalamika ni zito, hukutazama ndani ya shingo. Asubuhi ya leo nilikwenda kwa laobani kabla hajafunga, nikamwandikia lebo moja tu. Hatengenezi moja, hutengeneza rola, lakini kwangu alikubali. Juu TABORA, chini yake NEBRASKA. Akavua miwani akaitazama, maana miaka yote hii amezoea biashara yetu, akaniuliza, "Ipi ndiyo ya uongo?"

Nikamwambia hakuna.

Akaishona mwenyewe, mshono mara mbili, akakataa hela.

Rukia nimempigia tena. Sikumgombeza. Nimemwambia godoro anunue, gumu kama nilivyosema, aliweke la mgeni, utakwenda kulilalia ukifunga chuo. Akasema, "Basi mama mdogo, nitakuja uwanjani nimpe chakula tu." Akikuletea, kula naye, mkumbatie, mlie mkitaka. Muda upo.

Mimi kukushika mkono kutoka huku siwezi, na hata ningeweza nisingekushika, umeshakuwa mtu mzima. Nimekuambia ninayoyajua. Nimeiombea Nebraska kwa jina lake leo baada ya Adhuhuri, nadhani msikiti wa hapa haujawahi kuisikia. Nimemwomba Mwenyezi Mungu akupe jina moja la kusimamia na nguo ya kukusitiri humo.

Ile ndege ya pili ni ndogo, hata mkoba wa juu unaweza usiingie. Watu wake watakuwa wachache, wenye kofia, wakulima, wanafunzi, watu wanaorudi kwao. Vaa koti. Simama kwenye mstari wao. Ukifika mlangoni yule mwenye sare atatazama tiketi yako, labda akuulize unakwenda wapi.

Mjibu kwa sauti, Salha, Kibwana asikie mpaka huku.

Mama yako,
wa Tabora.